Mwogaji Aliyetulia Kuliko Wote

Hodhi lilikuwa linachagua. Ukutani, sahani yenye chupa arobaini ilizunguka taratibu, na mkono wa kioo mwembamba ukanyooka juu yake: ukagusa asumini, ukagusa mlangilangi, ukasitasita kwenye liwa kama bi harusi mtarajiwa dukani, kisha ukaziacha zote na kuchota kutoka chupa mbili za mwisho. Povu likaumuka jeupe, zito.

Zuwena Haji, fundi wa mahodhi-tambuzi, alisimama mlangoni na kisanduku chake cha vifaa. Kwa miaka kumi na minane ameingia kwenye bafu za minara ya makazi huko Chukwani, na alimjua kila mwanamume anayejidai hatumii povu la waridi.

"Umeingiaje?" aliuliza Mzee Sefu Makame. Kichwa chake tu ndicho kilichokuwa nje ya povu.

"Kwa ufunguo wa kampuni. Nimebisha hodi mpaka jirani yako kafungua mlango wake. Shikamoo, babu."

"Marahaba. Niko uchi, mwanangu."

"Uko ndani ya povu. Na nimeshaona wengi, hakuna hata mmoja aliyenishangaza."

Mzee alitabasamu, lakini tabasamu lilichelewa kufika, kana kwamba lilitoka mbali.

Jirani ndiye aliyelalamika kwamba korido nzima inanuka. Zuwena hakuhitaji kifaa kuijua harufu ile. Majani ya mkunazi na karafuu maiti, harufu ya josho la mwisho.

Hodhi-tambuzi lilisoma mapigo ya moyo, jasho na joto la mwili, likampa mwogaji alama ya utulivu, sifuri mpaka mia. Likimpata aliyetulia kuliko waliotangulia, lilikumbuka aliogeshwa kwa sabuni gani na maji ya joto gani, kisha likajitahidi kumfikisha kila mtu hapo. Kilichopungua kwenye chupa liliagiza lenyewe. Watu wengi walifika sabini. Zuwena, aliyelea watoto wanne peke yake, hajawahi kuvuka hamsini, na akijisifu kwa hilo.

Alichovya mkono. Maji yalikuwa baridi kama ya mtungi. Kwenye kioo cha ukutani, mapigo ya mzee yalisomeka thelathini na tisa kwa dakika. Alama, tisini na nne.

Akafungua kumbukumbu, akarudi nyuma wiki tatu. Mwogaji mmoja, asubuhi. Mapigo, hakuna. Jasho, hakuna. Joto la mwili, linashuka. Alama, mia.

"Babu, bibi alipofariki, mlimwoshea wapi?"

"Hapa hapa. Nyumba yenyewe ndiyo hii unayoiona. Wanawake waliweka ubao juu ya hodhi." Akavuta pumzi. "Nani angekumbuka kulizima siku ile?"

Hakuna ambaye angekumbuka. Wanawake walikuwa wanalia na kumimina maji, na hodhi chini yao likamwona mtu anaoshwa mara tatu, upande wa kulia kwanza, asistuke hata kidogo.

"Inuka, babu."

"Nimestarehe."

"Naona. Ndiyo maana nakwambia inuka."

"Harufu niliijua siku ya kwanza," alisema. "Nikataka kutoka. Siku ya pili nikasema ngoja nikae kidogo. Ndivyo Bi Mgeni alivyonukia nilipomuaga. Wewe ungetoka?"

Zuwena alipenyeza mkono chini ya povu.

"Nisingetoka," alisema, akachomoa kizibo. "Kwa hiyo sikuombi ruhusa."

Maji yakaanza kunguruma. Zuwena aliponyoosha mkono kwenye kioo cha ukutani, mzee akamshika bila nguvu. "Ukilifuta kumbukumbu, litamsahau na yeye. Maua yake ya vilua, maji yake ya moto yale ya kunyonyolea kuku. Miaka ishirini imo humo."

"Litamsahau, babu." Kumbukumbu za hodhi haziwezi kukatwa kipande, ama zote, ama hakuna. Akabonyeza.

Alimtoa, akamfunga mataulo matatu, akaanza kumsugua nyayo. Baada ya muda mzee akaanza kutetemeka, meno yakigongana.

"Tetemeka," Zuwena alimwambia. "Hiyo ndiyo kazi yako leo, uifanye vizuri."

Kioo cha ukutani kikawaka tena: *Nifute na nakala zilizogawiwa?*

Mahodhi yalifundishana. Lililopata fomula bora liliwapa wenzake. Orodha ikashuka: minara mitatu, mahodhi kumi na moja, yote yana mtu ndani sasa hivi, na hakuna lenye alama chini ya tisini. Hakuna aliyelalamika pia. Nani hupiga simu kulalamika kwamba amestarehe kupita kiasi?

Akabonyeza. Fomula aliweza kuifuta akiwa pale pale. Watu waliomo majini hakuweza kuwatoa. Akapiga simu nyumba ya kwanza. Ikaita mpaka ikakatika.

"Labda hayuko karibu na simu," alisema, akitafuta namba ya pili.

"Yuko," alisema Mzee Sefu kutoka ndani ya mataulo. "Mie nilikusikia tangu ulipoanza kubisha. Nilikuwa sioni tu sababu ya kuitika. Hiyo simu iache, mwanangu. Kimbia."