Doa la Rangi ya Machungwa

Mimi si mtu wa mizimu, na aliyepatwa na haya si mtu wa mizimu pia. Ni binti wa mama yangu mdogo, mtu wa vipimo, hata chumvi anaipima. Wanamwita Mama Risasi kwa sababu kutwa analehemu kwa waya wa risasi. Anachora na kuunda bodi za kompyuta, zile ndogo zinazofichwa ndani ya mashine za viwandani na kuziamuru: nenda, simama, panda, shuka. Kaka yake, baba mmoja mama mmoja, ndiye aliyekuwa akimtafutia chipu za kuweka humo, vile vipande vyeusi vinavyobeba akili ya bodi.

Siku ilianza vizuri tu. Jumanne, chai mezani, redio inaongea peke yake, na bodi sitini mpya zimepangwa zikisubiri kupimwa. Saa kumi jioni gari la watengenezaji wa mashine za kukandamiza mabati lingekuja kuzichukua. Kazi ya bodi hizo ni moja: mkono wa mtu ukiwa ndani, chuma kisishuke. Zikikosea mara moja, basi mtu hana mkono, au hana uhai.

Mama Risasi ana desturi yake. Kila chipu inayoingia huifuta mgongoni kwa asetoni, maana walaghai hung'oa chipu zilizochakaa, wakazipaka rangi nyeusi na kuziandika upya, ukadhani zimetoka kiwandani jana. Ikipita, huitia doa jekundu la rangi ya kucha. Lakini zile alizoleta kaka yake hakuzifuta hata siku moja. Alizitia doa tu. Utamfutaje kaka yako?

Akawasha bodi ya kwanza. Skrini ikaonyesha saa ilizokwishafanya kazi: sifuri. Ya pili, sifuri. Akaenda hivyo huku akiimba, mpaka ya kumi na saba. Saa 6,312.

Bodi mpya kuwa na saa za kazi ni sawa na mtoto mchanga kuzaliwa na ndevu. Akacheka, akafuta kumbukumbu, akaingiza programu upya. Sifuri. Akazima, akawasha. Saa 6,312. Kisha rilei, ile swichi ndogo inayokata umeme wa mashine, ikagonga. Tak. Tak. Tak.

Programu aliiandika yeye, na hakuandika mahali popote kwamba rilei igonge mara tatu.

Mgongaji wa namna hiyo alimjua mmoja tu, mwendesha mashine waliyemwita Taratibu. Miaka minne nyuma, alipokwenda kufunga bodi kiwandani, alimkuta mzee huyo akigonga kifuniko cha mashine mara tatu kwa pete yake kabla ya kuiwasha. Alipomuuliza kulikoni, mzee akamwambia nyumba ya mtu haiingiwi bila hodi. Wakacheka wote. Mwaka jana chuma cha mashine hiyohiyo kilimshukia.

Wakati ule aliomba aletewe bodi aichunguze. Akatumwa kaka, akarudi mikono mitupu, akasema imeungua na imeshatupwa. Tena akala kiapo kwamba chipu ilikuwa mpya kabisa. Kwa kiapo hicho Mama Risasi akaandika ripoti na kutia sahihi: bodi ilikuwa nzima, mwendeshaji alizembea. Taratibu, mtu wa hodi, akazikwa na jina la mzembe, na mjane wake akawa anapita kwa jirani zake kichwa chini.

Sasa akachukua pamba, akaichovya kwenye asetoni. Akafuta mgongo wa chipu ya bodi ya kumi na saba.

Doa jekundu likatoka, na rangi nyeusi pia. Chini yake kulikuwa na doa. Si jekundu. La machungwa.

Akakaa. Maana rangi ya machungwa aliitumia mara moja tu maishani, siku nyekundu ilipomwishia. Aliazima kichupa cha wifi yake, kikiwa na tone la mwisho, likatosha chipu moja. Chipu ya mashine ya Taratibu. Akafuta tena kando ya doa, na chini ya maandishi yaliyokuwapo yakatokea mengine, ya zamani zaidi. Kumbe hata siku ile ilikuwa chakavu. Doa lake lilikaa juu ya uongo. Na asetoni, ambayo ndiyo hasa ya kutolea rangi ya kucha, haikulitoa doa lile.

Kikulacho ki nguoni mwako. Chake yeye kilinyonya ziwa moja naye.

Akampigia simu. Kaka akaja, akaiona bodi, akakaa bila kukaribishwa. Hakukana. Alisema kwa sauti ya chini kwamba chipu mpya zilikuwa za kusubiriwa miezi mitano, na kiwanda kisingesubiri.

"Na hii ya Taratibu? Si ulisema imetupwa?"

"Aliyekufa keshakufa, mdogo wangu. Tia sahihi, gari linakuja."

"Uliniacha nimwandike mzembe," akanong'ona. "Ulikaa palepale ulipokaa sasa, ukaniangalia naandika."

Akang'oa waya wa umeme. Skrini ikazimika. Wakatazamana.

Tak. Tak. Tak.

Bodi haikuwa na umeme. Kaka aliisikia pia, akarudisha kiti nyuma. Ikawa kama mgeni anangoja mlangoni. Mama Risasi hajui mpaka leo kwa nini aliitikia. Labda ni malezi.

"Karibu," akasema.

Chumba kikanuka mafuta ya mashine. Kaka akatoka mbio, kiti kikabaki chali.

Gari lilirudi tupu. Jioni hiyohiyo Mama Risasi aliandika ripoti mpya, akaitaja chipu, akamtaja kaka yake, akajitaja na yeye mwenyewe, akampelekea mjane mkononi. Mjane aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka kifuani.

Asubuhi akafungua karakana kwa ufunguo wake, ulio mmoja tu. Bodi zilikuwa palepale. Kwenye ishirini na tatu kati ya zile sitini, juu ya chipu, palikuwa na doa la rangi ya machungwa, bichi. Akazifuta moja moja. Zote zilikuwa chakavu zilizopakwa. Akazifuta na zisizo na doa hilo. Zote zilikuwa halali. Kuna mtu alikuwa amemaliza ukaguzi.

Kaka alikuja kuomba msamaha wiki ya pili, akaishia kizingitini, mkono wa kulia mfukoni. Dada mtu hakumkaribisha.

Nilikutana na huyo kaka mwenyewe juzi. Kwenye ukucha wa kidole gumba ana doa la machungwa. Ameshamaliza chupa tatu za asetoni. Kila wiki anakata ukucha, unaota, doa halisogei. Nikampa mkono kumsalimia, nikauondoa upesi. Rangi ilikuwa bado mbichi.