Gari la Alfani na Sufuria ya Zaina

Watu wa Kabondo, kaeni kidogo, nina neno nanyi. Wengi wenu mlikuwepo. Mlipiga makofi, na mimi nilipiga pia. Ninyi mmesahau. Mimi nimeshindwa kusahau.

Mwaka wa sabini na tano, nyumba ya Alfani mshonaji ilikuwa nyumba ya amani. Asubuhi mashine yake ililia barazani, akishona abacost, suti zisizovaliwa tai, za wakubwa wa Chama kilichotawala, zenye kola iliyosimama sawasawa. Nyuma ya nyumba mke wake, Zaina, alitwanga sombe, majani ya muhogo, na binti yao Aziza alifagia uwanja. Nyumba ya matofali, vyumba vitatu, parsele, yaani kiwanja, yenye karatasi, urithi wa baba yake aliyetoka Maniema. Ni wangapi kati yetu walikuwa na hivyo?

Halafu likaja gari.

Mnakumbuka serikali ilipochukua maduka ya wageni na kuyagawa. Kasongo, mmoja wa wateja wa Alfani, alipewa duka la Mgriki mmoja, na ndani ya depo, chini ya turubai, akakuta Peugeot 203 ya zamani ambayo Mgriki alikuwa akishindania nayo mbio za mbali, kwenye matope ya barabara ya Bunia. Ilikuwa na taa nne mbele na chuma cha kuzuia mawe, na mlangoni namba 31 juu ya jina la huyo Mgriki. Watu wa magari walisema katika mkoa mzima wa Haut-Zaïre hakuna lingine kama lile. Alfani alienda kwa Kasongo kumpima bega, akaliona.

Tangu siku ile hakukaa tena. Anashona mistari miwili, anasimama. Anaacha chakula, anaenda kulitazama, anarudi, anaenda tena. Mkurugenzi mmoja alirudisha koti kwa sababu mkono mmoja ulizidi mwingine. Alfani alisema tarehe ishirini Mei, siku ya maandamano ya Chama, wenye magari hupita mbele na wakubwa huwaona. Alitaka kuonekana, basi. Kasongo alijua. Akamwambia: nipe parsele, chukua gari na carte rose yake, ile karatasi ya pinki ya umiliki.

Zaina hakupiga kelele.

"Papa Aziza, mimi sikatae gari," alisema. "Andikisha kwanza. Siku karatasi itakuwa na jina yako, ndio utoe ya parsele."

"Kasongo atauzisha mutu mwingine."

"Auzishe. Huyo mwingine naye atalala wapi?"

Alfani alicheka, akatia sahihi siku ya Ijumaa. Sikilizeni vizuri hapa. Jumatatu asubuhi, kabla ofisi ya ardhi haijafunguliwa, Kasongo alikuwa amekwisha kusimama mlangoni. Saa sita mchana parsele ilikuwa kwa jina lake, na familia ikapewa hadi mwisho wa Mei kuhama. Na Alfani? Jumatatu ile Alfani alikuwa anaosha gari.

Sisi majirani tulizunguka tukipiga makofi. Akapita Sefu, mkubwa wa selule, lile shina la Chama katika mtaa wetu. Akasoma mlango, akasema kwa lile neno la Chama la kumwita mtu raia, "Sitwayen Alfani, mundele, muzungu ule, alienda zamani, gari yake ingali inamwita? Tangu lini Kabondo tuko na majina ya Poto, ya Ulaya?"

Tulicheka. Sefu mwenyewe alicheka, akaenda zake. Lakini ninyi mnajua miaka ile. Tulikuwa tumeacha hata majina yetu ya ubatizo kwa woga, maana serikali ilikataza ya kizungu; yenyewe iliita authenticité. Mzaha wa mtu wa Chama tuliubeba mpaka kitandani.

Alfani akachukua bisibisi. Akapaka rangi juu ya 31 na juu ya jina. Akang'oa vifuniko vya magurudumu kwa sababu vilikuwa na maandishi. Akafungua boneti, akaona kibati cha alumini chenye jina la kiwanda na tarakimu kadhaa. Hiki nacho cha Poto, akasema, akakitoa. Hakuna aliyemzuia, hata mimi niliyemshikia taa. Vyote akampelekea Zuberi, fundi anayeyeyusha alumini na kuimwaga mchangani kutengeneza sufuria. Zuberi alichukua mzigo, akampa sufuria moja nzuri.

"Ona, Mama," Alfani alimwambia Zaina. "Mundele amekuachia sufuria."

Wiki iliyofuata tulilisukuma gari mpaka ofisi ya magari, maana betri ilikuwa imechoka. Karani alisoma carte rose, akafungua boneti, akainama, akatafuta.

"Sitwayen, kibati ya namba iko wapi?"

"Niliitoa, chef," Alfani akajibu, kifua mbele. "Ilikuwa na majina ya wazungu. Mimi niko mutu wa authenticité."

Karani hakucheka. Alitafuta chini, kwenye chuma chenyewe ambako namba huchongwa pia, lakini kutu na viraka vya kulehemu vilikuwa vimeifuta. Akasimama akijipangusa mikono.

"Karatasi hii inasema gari yenye namba. Hii haina. Nitajua namna gani ni ile? Kibati umeweka wapi?"

"Iko nyumbani."

"Leta, basi."

Alfani alinitazama mimi, kisha akatazama chini. "Iko juu ya makaa, chef. Bibi anapikia."

Gari likabaki uani mwa ofisi, ati kwa uchunguzi. Alfani alikimbia kwa Kasongo kumwomba parsele yake. Kasongo alimjibu kwa upole kabisa: nilikupa gari yenye namba, namba umeyeyusha wewe. Na hilo, ndugu zangu, hatukuweza kumpinga.

Tarehe ishirini Mei Alfani aliandamana kwa miguu, nyuma pamoja nasi. Mbele ilipita Peugeot yenye taa nne, imepakwa kijani, imebandikwa plaki mpya ya namba. Ndani alikaa mkubwa mmoja, amevaa abacost ambayo nilimwona Alfani akiishona kwa mikono yake. Namba ya Alfani ilikosekana. Ya mkubwa ilipatikana wapi? Niliuliza siku ile, ninauliza leo, na nitauliza kesho.

Sasa wanakaa chumba kimoja cha kupanga, njia ya Bangboka. Mashine bado inalia, lakini gari likipita, mguu wa Alfani unasimama juu ya pedali. Zaina anapikia sufuria ile ile. Siku moja nilimkuta anaisugua kwa mchanga, nikamuuliza kwa nini anasugua vile. "Naangalia," akasema, "kama namba itatoka."

Mafunzo

Usitoe paa la watoto wako kwa kitu kinachong'aa kabla karatasi haijaandikwa jina lako. Mwizi wa kisasa haji na panga; huwahi ofisini wakati wewe unaosha gari. Mke akikwambia "kwanza", msikilize. Mara nyingi yeye ndiye anayejua watoto watalala wapi. Na woga wa wakubwa usikufanye ufute kwa mkono wako mwenyewe kitu kinachokulinda. Wao wakifuta, wanajua pa kupata kingine. Sisi hatujui.

Na siku jirani yako anaposhika bisibisi, usimshikie taa. Mwulize anatoa nini.