Usiseme Bila Mimi

Mgeni alifika mvua ikinyesha, na nguo zake zilikuwa kavu.

Zachary Wekoye hakuliona jambo hilo mara moja. Alikuwa barazani kwake, nje kidogo ya soko la Kimilili, ameinamia gurudumu la baiskeli ya mtu akitafuta tundu la pancha, aliposikia hodi. Aliinua macho akaona mwanamke mrefu wa makamo mwenye kitabu mkononi. Ilikuwa Jumanne ya Agosti, mwaka wa arobaini na nane, mwaka wa kuhesabiwa watu, na makarani wa serikali walikuwa wakipita nyumba hadi nyumba. Zachary akadhani ni mmoja wao.

— Karibu, karani. Ingia usinyeshewe.

— Asante. Nina swali moja tu kwa kila nyumba. Hapa kwenu mnakosa nini?

Swali lilimshangaza. Makarani wengine waliuliza idadi ya watoto, na watu walijibu kwa kukwepakwepa, maana mtoto hahesabiwi kwa sauti kama mbuzi. Huyu hakuuliza watoto, na Zachary alishukuru moyoni. Nyumbani kwake hakukuwa na wa kuhesabu. Miaka saba ilikuwa imepita tangu amwoe Nanyama, na hadi leo wanawake kisimani walimwita Nanyama tu, wakati wenzake wote walishakuwa mama fulani.

Lakini mgeni haambiwi shida. Hilo Zachary alikua nalo. Mgeni anapewa kiti, anapewa kuku kama yupo, na anaambiwa nyumba ni nzima hata kama paa linavuja.

— Hatukosi kitu, alisema. Tuko sawa kabisa.

— Kabisa?

— Kabisa. Labda wewe ndiye unayekosa chai.

Mgeni alicheka kidogo, akaandika, akanywa chai, akaenda zake. Ni alipokuwa akivuka barabara ndipo Zachary alipogundua kwamba mvua ilikuwa haimgusi. Alijiambia ni macho yake.

Nanyama alikuwa nyuma ya ukuta akichekecha unga, na alisikia kila neno. Alitoka, akaketi chini karibu na mumewe, bega kwa bega, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

— Ulisema kweli?

— Nini?

— Kwamba hatukosi kitu.

Zachary alimtazama. Uso ule aliuona mara ya mwisho juma la harusi yao. Mwanamume afanye nini mbele ya uso kama ule?

— Kweli, alisema.

Siku mbili zilizofuata Nanyama alikuwa mtu mwingine. Alipika akiimba. Kisimani walimtania kwamba labda ameokota pesa. Hata homa ilipomshika Alhamisi alfajiri, ile homa ya mvua inayotingisha kitanda, alilala akitabasamu.

Asubuhi ile ile Absalom alikuja. Absalom ni jirani, mzee mwenye mdomo, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa na kidonda mguuni ambacho hospitali zote zilikuwa zimekikatia tamaa. Siku hiyo alikuja bila fimbo.

— Zachary, wewe adabu itakuua, alisema. Si huyo mama aliniuliza pia nakosa nini? Nikamwambia, mguu. Nikaufungua nikamwonyesha na usaha wake. Mke wangu aliona aibu akakimbilia jikoni. Basi akaweka kitu hapa, kama jiwe la mtoni lenye joto. Angalia.

Zachary aliangalia. Ngozi ilikuwa nzima, laini, nyeusi kama ya mtoto.

— Karani gani huyo anayetibu watu?

— Si karani, bana. Ati ametoka hapa hapa kwetu, lakini miaka mia tatu mbele. Ametoka siku ambazo hazijafika. Mimi sikuelewa, na mguu haukuningoja nielewe.

Kufikia saa sita soko zima lilijua. Mjane Lenah alikuwa ameomba maji ya karibu, na sasa nyuma ya jiko lake kulikuwa na chemchemi. Wale waliokosa adabu walikuwa wakicheka barabarani. Wale waliomwambia mgeni kwamba nyumba zao ni nzima walikuwa wamejifungia ndani, kimya. Na habari ilikuwa kwamba mgeni amekwenda Kitale, kwamba atakuwa stesheni ya gari moshi, na kwamba Ijumaa saa sita mchana ataitwa arudi kwao.

Habari hiyo ililetwa na Rahab, mama yake Zachary. Hakuketi hata alipopewa kiti.

— Mimi nilimkuta njiani, alisema. Nikamwambia, mwanangu hana mtoto. Akasema hapokei neno la jirani wala la mama. Lazima aseme mtu wa nyumba yenyewe. Na wewe uliulizwa, mwanangu. Uliulizwa kwa mdomo wake, ukamkaribisha chai.

— Mayi, Nanyama amelala, Zachary alimwambia mama yake.

— Hajalala, sauti ya Nanyama ilisema kutoka chumbani.

Rahab aliondoka polepole. Zachary aliingia, akasimama karibu na kitanda kama mtoto aliyevunja chungu.

— Kwa hivyo ilikuwa adabu, Nanyama alisema.

— Nanyama.

— Siku mbili nimetembea kama bibi harusi. Nilidhani umenisema mimi, kwamba nakutosha. Kumbe ulikuwa unamsalimia mgeni.

Zachary aliketi ukingoni mwa kitanda.

— Unataka mtoto? Nanyama aliuliza.

— Wewe hutaki?

— Nimekuuliza wewe.

— Nataka. Nataka mpaka naona aibu. Lakini nilichosema hakikuwa uongo wote.

— Kilikuwa robo?

— Nusu.

Nanyama alicheka ingawa alikuwa na hasira, kisha kicheko kikageuka kikohozi, kisha kikageuka kilio. Zachary alimshika mgongo. Mwishowe walikubaliana kwamba wataenda Kitale wote wawili, Nanyama akiwa kwenye keria ya baiskeli, na kwamba yeye ndiye atakayesema.

Ijumaa kulipopambazuka Nanyama alijifunga leso mbili, akapanda. Hawakufika hata langoni. Homa ilimzidi, akateleza, Zachary akamdaka kabla hajagusa matope. Akamrudisha kitandani akimbeba. Mwili wake ulikuwa moto, lakini mkono wake ulishika shati la mumewe kwa nguvu.

— Nenda peke yako. Mwombe aje, au angoje nipone. Nitasema mwenyewe. Lakini Zachary, usimwambie bila mimi.

— Na akikataa kungoja?

— Basi usiseme.

— Nanyama, ni mtoto.

— Ni tumbo langu. Limesemwa kisimani. Limesemwa kanisani, likaombewa mimi nikiwa nimeinama. Mayi amelisema sokoni katikati ya mafungu ya omena. Miaka saba, hakuna siku moja limesemwa mimi nikiwa nimekaa hapo kama mtu. Mara hii lisemwe nikiwepo, au lisisemwe.

— Naahidi.

— Ahidi kwa jina langu.

— Naahidi, Nanyama.

Ni maili ishirini na tano na zaidi hadi Kitale, na barabara ilikuwa uji. Palipokuwa na mlima aliibeba baiskeli begani. Kwenye mto Kamukuywa maji yalikuwa yamepanda juu ya daraja, akavuka yakimfika magotini. Alipita mashamba ya wazungu, mahindi pande zote, marefu kumpita, na njia nzima alifanya hesabu moja: saa ngapi zimebaki. Alipoingia stesheni saa ya ukutani ilionyesha zimebaki dakika ishirini.

Mgeni alikuwa ameketi juu ya magunia ya mahindi, kati ya wapagazi waliokuwa wakimpita kana kwamba hawamwoni. Viatu vyake havikuwa na tope.

— Wewe ndiye wa chai, alisema.

Zachary alimwomba bila kupumzika. Alimwambia kwamba mke wake ana homa, kwamba alitaka kuja, kwamba aliketi kwenye keria akaanguka. Alimwomba aje Kimilili. Alimwomba angoje siku mbili, moja, hadi jioni tu. Mgeni alisikiliza yote, kisha akafungua kiganja. Ndani kulikuwa na lile jiwe, na mwanga wake ulikuwa ukififia.

— Likipoa, nimeenda. Si mimi ninayeamua. Lakini wewe ni wa nyumba ile. Unaweza kusema.

— Yeye ndiye anayetaka kusema.

— Najua anachotaka. Majirani zako kumi na mmoja wameniambia, na mama yako mara mbili. Ninahitaji neno moja tu kutoka kwako. Sema ndiyo. Hata usiseme, itikia kwa kichwa.

Zachary alisimama pale, na shingo yake ikawa nzito kuliko kitu chochote alichowahi kubeba. Kuitikia kidogo tu. Nanyama hangejua kamwe. Angeamka amepona, na mwaka kesho wakati wa kuvuna kisimani wangemwita mama fulani. Siri ingebaki kwake yeye na mgeni, mtu ambaye hata hajazaliwa.

— Siwezi, alisema.

— Unaogopa?

— Nimeahidi. Neno hili ni la watu wawili, na mmoja yuko kitandani Kimilili.

— Nikienda sirudi. Umeelewa hilo?

— Nimeelewa.

— Mbona unalia basi?

— Kwa sababu nimeelewa.

Mgeni alifunga kitabu chake. Alimwambia kwamba huko mbele njaa iliisha, na magonjwa mengi pia. Ilichukua muda na watu wengi, lakini iliisha. Mwanzoni, alisema, waliwagawia watu kila walichodhani wanakosa, bila kuwauliza. Watu wakashiba, na wakawa wapweke hata majumbani mwao. Ilibidi waanze upya, kwa kujifunza kuuliza na kungoja jibu. Ndiyo maana alitumwa na swali moja tu.

Zachary alijifuta uso kwa mkono wenye grisi.

— Huko mbele, kuna mtu wa kwangu?

— Huko hatuulizi hivyo. Mimi nililelewa na nyumba sita. Tatu kati yazo hazikuwahi kuzaa. Hilo neno tasa nimelisikia mara ya kwanza hapa, wiki hii, na ilibidi niulize maana yake.

Zachary alitaka kumwuliza zaidi. Alitaka kumwuliza ni njia gani watu waliipita kutoka kisima cha Kimilili hadi huko. Saa ya ukutani ilifika sita, mtu akapuliza filimbi, na juu ya magunia hapakuwa na mtu. Mpagazi alikuja akachukua gunia la juu, akamwambia asogee.

Alirudi polepole. Hakukuwa tena na haraka ya kitu chochote. Pale Kamukuywa aliketi ukingoni mpaka maji yaliposhuka. Jua lilikuwa linazama alipofika nyumbani, na Rahab alikuwa mlangoni akimngoja, amejifunga kitambaa cha kanisani.

— Ulimpata? Ulimwambia nini?

— Mayi, hilo neno ni la sisi wawili. Nipishe nimwambie yeye kwanza.

Hakuwahi kumjibu mama yake hivyo maisha yake yote. Rahab alisogea.

Nanyama alikuwa ameketi, mgongo ukutani, homa imeshuka. Alimtazama kuanzia tope la miguuni hadi usoni.

— Anakuja?

— Hakuweza.

— Kungoja?

— Hakuweza pia.

— Ulimwambia?

— Hapana. Aliniambia niitikie kwa kichwa tu.

— Na hukuitikia?

— Sikuitikia.

Nanyama alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yamejaa machozi.

— Tangu asubuhi nimelala hapa nikiomba uvunje ahadi, alisema. Unasikia? Nimemwomba Mungu ulegee. Nimemwomba usahau, useme tu.

Zachary aliketi sakafuni.

— Na ningevunja?

— Ningempokea mtoto wetu kwa mikono miwili. Na nisingekuamini tena mpaka nife.

Nanyama alinyoosha mkono, akaanza kumbandua tope lililokauka shingoni, kipande kwa kipande. Nje walimsikia Rahab akihema, amesimama pale pale.

— Atauliza tena, Zachary alisema. Nimwambie nini?

Nanyama alivuta leso, akajifunga vizuri, akaketi wima.

— Mwite aingie.

Rahab aliingia, akakaa kwenye kiti alichokikataa jana. Nanyama alimtazama usoni. Zachary alikaa kando ya mke wake, naye Nanyama akaanza kusema, taratibu, kwa sauti yake mwenyewe:

— Mayi, sisi hatuna mtoto, na huenda tusimpate.