Shubiri Mbili za Baraza

Bibi Vifungo hakuwa na kibao cha biashara. Watu walimjua kwa kazi yake. Shati lililokosa kifungo lilikuwa lake. Sketi iliyofumuka upindo ilikuwa yake. Asubuhi, jua likishafika mtaani, alitoka na kikapu cha nyuzi akakaa kwenye baraza la mbele ya nyumba. Miwani puani, sindano mkononi, na mdomo haupumziki.

"Shikamoo, Bibi," mwokaji mikate alimwambia siku moja, akimpa shati. "Ni kifungo kile kile."

"Marahaba. Hiki ni cha nne mwaka huu! Kifungo hiki na tumbo lako hawapatani. Mmoja ahame."

Mwokaji alicheka mpaka tumbo lenyewe likatikisika.

Mtaa ulikuwa wa zamani. Ulikuwa na nyumba kumi na tisa za mawe, ukuta kwa ukuta. Kila nyumba ilikuwa na baraza lake, yaani kiti kirefu cha mawe kilichoshikana na ukuta wa mbele. Hakuna aliyejua ni mafundi gani walioyajenga. Wenye mizigo walipumzika hapo. Wagonjwa waliota jua hapo. Ugomvi wa majirani ulianzia hapo na ukaishia hapo hapo.

Marehemu mume wa Bibi alikuwa fundi viatu. Kwa miaka thelathini na minne walikaa barazani wawili, yeye akigonga soli, mkewe akitunga uzi. Sasa Bibi alikuwa amekaa peke yake kwa miaka sita. Lakini bado aliketi upande wake ule ule, akimwachia mwenzake nafasi.

Ndani ya nyumba aliishi na mkwewe, mke wa mwanawe, pamoja na mjukuu wa miaka minne waliyemwita Kadogo. Mwanawe alikuwa dereva wa lori, mtu wa safari. Mama Kadogo na mtoto walilala chumba cha mbele. Chumba hicho ndicho kilichokuwa na shida.

Mtaa haukuwa na mfereji. Mvua ikinyesha, maji yaliteremka kutoka juu, yakapiga kona, yakaingia nyumbani bila hodi. Mama Kadogo aliyachota kwa kizoleo akayamwaga kwenye ndoo. Hata maji yalipokwisha, ukuta ulibaki na unyevu. Rangi ilivimba, ikabambuka. Nguo zilinuka ukungu. Kadogo alikohoa, akapona, akakohoa tena.

Siku moja walikuja wafanyakazi wawili wa baraza la mji. Walibandika tangazo kwenye kila mlango. Mama Kadogo alilisoma kwa sauti:

"Baraza la Mji linakusudia kuuboresha mtaa huu kwa kujenga mfereji na kutengeneza njia. Mabaraza yote ya mbele ya nyumba yataondolewa."

Bibi aliweka sindano chini. "Baraza linakuja kuvunja baraza? Hawa si wajina? Hata udugu wa jina hawauheshimu?"

"Mama, wanataka kujenga mfereji."

"Waujenge kwingine. Mimi nimezeekea hapa. Wakitaka kuvunja, waanze na mimi."

Mama Kadogo alilikunja tangazo polepole. Kwa kawaida hakumjibu mama mkwe wake. Siku ile alimjibu.

"Mama, mimi nautaka huo mfereji."

"Unasema nini?"

"Wewe unakumbuka ya zamani. Mimi nakumbuka ya juzi. Juzi nilimlaza mtoto juu ya meza kwa sababu godoro lilikuwa linaelea."

Bibi alikusanya nyuzi zake akaingia ndani. Kwa siku tatu hawakusemeshana. Maneno yalipitia kwa mtoto.

"Kadogo, mwambie bibi chai iko tayari."

"Kadogo, mwambie mama yako nimesikia."

Kadogo alichoka. Siku ya tatu aliwaambia wote wawili, "Semeni wenyewe!"

Mtaani nako hakukuwa shwari. Wengine walisema watalala njiani matingatinga yakija. Muuza mkaa, nyumba ya tano, alifanya kinyume. Alitaka aonekane raia mwema. Alichukua nyundo, akalivunja baraza lake lote kwa siku moja. Wiki haikuisha. Ufa ukatokea kwenye ukuta wake wa mbele, ukapanda kutoka chini hadi dirishani.

Katika nyumba iliyotazamana na ya Bibi alikaa mwanamke aliyechora ramani katika ofisi ya wapima ardhi. Mtaani walimwita Bi Ramani. Jioni moja alileta koti lake lishonwe. Akawakuta mkwe na mama mkwe wameketi barazani, kila mmoja kwenye ncha yake, wamepeana visogo.

"Kuna nini hapa? Mbona mmekaa kama nguzo za goli?"

Walimweleza, kila mmoja kwa upande wake. Bi Ramani aliomba tangazo.

"Mmesoma mstari wa mwisho?"

Hawakuwa wameusoma. Herufi zake zilikuwa ndogo. Mama Kadogo aliusogeza karibu na macho. "Maoni ya wananchi yatapokelewa kwa maandishi ndani ya siku ishirini na moja."

"Basi hii si amri," alisema Bi Ramani. "Hili ni pendekezo. 'Linakusudia' maana yake bado halijaamua. Ramani ya mradi iko ofisini kwao. Mwananchi yeyote ana haki ya kuiona na kuuliza. Zimebaki siku kumi na tano."

"Nitawaandikia hatutaki," alisema Bibi.

"Ukiandika hatutaki, watajibu kwamba mtaa unafurika, na watakuwa wanasema kweli. Na wewe mama Kadogo, ukiandika vunjeni, mtapata ufa kama wa muuza mkaa. Twendeni nikawaonyeshe."

Walikwenda mpaka nyumba ya tano. Bi Ramani aliingiza kidole kwenye ufa. "Kuta hizi hazina msingi wa kina. Baraza liliegemezwa ukutani ili liushikilie chini. Mafundi wale hawakujenga kiti tu. Waliupa ukuta mguu. Huyu bwana ameikata nyumba yake mguu."

Muuza mkaa alijikuna kichwa. "Kumbe wema wangu umeniponza."

Kesho yake walikwenda ofisini wote watatu. Karani aliwatolea ramani bila maneno mengi. Bi Ramani alinakili vipimo. Waliporudi alichukua futi kamba, akapima njia, akapima baraza la Bibi. Kisha akapiga magoti na kukwaruza ukingo wa baraza kwa ufunguo. Upande wa ukutani ulitoa unga mweupe. Upande wa nje ulikuwa mgumu, wa kijivu.

"Hapa pa ndani ni mawe na chokaa. Ni pa kale," alisema. "Hapa pa nje ni saruji. Paliongezwa baadaye. Ni sentimita arobaini na tano, kama shubiri mbili. Nani aliongeza?"

Bibi aliinama. Alipapasa ule ukingo kwa kiganja.

"Mume wangu," alisema mwishowe. "Nilipoolewa, baraza lilikuwa jembamba. Yeye na nyundo zake, mimi na kikapu changu, hatukutosha. Nilimtania kwamba nitarudi kwetu. Akanunua saruji. Akajenga siku mbili, akashindwa kunyoosha mgongo siku nne. Aliniambia, 'Haya, sasa huna sababu ya kurudi kwenu.'"

Mama Kadogo aliinamisha kichwa. Hakuwahi kuisikia habari hiyo.

"Na saruji hii aliipaka hadi ukutani?" Bi Ramani aliuliza kwa upole.

"Ndiyo. Ili paonekane safi."

"Basi ndiyo sababu chumba hakikauki. Ukuta wa chokaa hunyonya maji kutoka ardhini, kisha huyatoa nje taratibu. Ukiupaka saruji, umeuziba pua. Unyevu hutafuta njia nyingine, na njia nyingine ni chumbani kwa mtoto. Mfereji peke yake hautatosha. Saruji nayo itoke ukutani, papakwe chokaa."

"Na hizi shubiri mbili?" Bibi aliuliza, ingawa alikwisha kuelewa.

"Mfereji wenye kifuniko unahitaji sentimita arobaini. Baraza la kale linaweza kubaki lote. Lakini alichoongeza marehemu hakiwezi kubaki."

Bibi aliingia ndani. Hakula usiku ule.

Asubuhi alimkuta mkwewe akitandika. Kadogo alikuwa anakohoa huku anacheza na kofia ya baba yake. Bibi alisimama mlangoni. Kisha akasema, "Mwanangu, chukua kalamu."

Barua waliiandika pamoja. Bibi alisema, mama Kadogo aliandika, na pale Bibi aliposema matusi, mama Kadogo hakuyaandika. Walieleza kwamba wanauhitaji mfereji. Walieleza kwamba mabaraza ya kale yanashikilia kuta, na wakataja ufa wa nyumba ya tano. Waliweka vipimo. Waliahidi kuondoa kila kilichoongezwa kwa saruji. Wenye nyumba kumi na saba walitia sahihi. Karani aliipokea barua, akaigonga muhuri, akawapa nakala yenye tarehe. Bi Ramani alikuwa amewaonya wasiondoke bila nakala hiyo.

Siku ya mkutano, mhandisi wa mji aliisoma barua mara mbili.

"Kwa nini mnang'ang'ania viti vya mawe?" aliuliza. "Sisi tunataka mtaa wenu uwe mzuri."

Bibi alisimama. 

"Mwanangu, mtaa wetu ni mzuri. Una maji tu. Tuondoleeni maji, mtuachie mtaa."

Ukumbi ulicheka, na mhandisi akacheka nao. Wiki ile alikuja mwenyewe na futi kamba yake. Alipima nyumba zote. Aliutazama ufa wa muuza mkaa kutoka chini hadi dirishani. Mwishoni mpango ulibadilishwa. Mfereji ukawa mwembamba zaidi, wa kina zaidi, wenye mabamba ya mawe juu yake. Mabaraza ya kale yakaandikwa kwenye orodha ya vitu vya kuhifadhiwa. Baraza la muuza mkaa lingejengwa upya. Si kila mtu aliridhika. Mwenye nyumba ya kona alikatwa nusu ya baraza lake kwa sababu njia pale ni finyu mno. Mpaka leo ukimsalimia, anaanza na habari hiyo.

Siku ya kuvunja saruji, fundi mwashi alifika mapema. Alimkuta Bibi Vifungo amekaa barazani na kikapu chake. Safari hii alikuwa amekaa upande wa mumewe.

"Bibi, tuanze?"

"Ningoje kidogo."

Fundi aliweka nyundo chini. Mama Kadogo alimletea chai. Kisha akaenda akaketi karibu na mama mkwe wake, akashika shati moja akaanza kushona kifungo. Alikishona vibaya. Bibi alikifumua, akamwonyesha namna ya kuzungusha uzi shingoni mwa kifungo. Walishona mashati matatu. Ndipo Bibi akainuka, akakung'uta gauni.

"Haya, fundi. Anza. Lakini polepole, aliyejenga alikuwa mtu mpole."

Chokaa ina taratibu zake. Fundi alipaka mkono wa kwanza, akasubiri ukauke, akapaka wa pili. Ukuta wa chumba ulichukua miezi kutoa unyevu wake. Lakini mvua kubwa zilipokuja, watu wa mtaa walitoka vizingitini kutazama. Maji yaliteremka kutoka juu kama kawaida, yakapiga kona, yakazama mferejini. Mwokaji alipiga makofi kama aliyeona bao. Mama Kadogo aliingia chumbani, akapiga magoti, akapapasa sakafu kwa mikono yote miwili. Ilikuwa kavu. Aliendelea kuipapasa. Kadogo alikuwa amelala kwenye godoro lake, na kifua chake hakikukoroma.

Baada ya mvua, mwanamke mmoja kutoka mtaa wa nyuma alikuja ameshika karatasi. Baraza la mji lilikuwa limebandika tangazo kwake pia.

"Bibi, nimeambiwa wewe unajua mambo haya."

"Mimi najua vifungo," alisema Bibi. "Msomaji ni huyu mkwe wangu. Mama Kadogo, njoo!"

Mama Kadogo alitoka akifuta mikono. Baraza sasa lilikuwa jembamba, na wanawake watatu walilazimika kubanana, bega kwa bega, kikapu kikiwa magotini mwa Bibi.

"Tutatosha kweli?" mgeni aliuliza.

"Tutatosha," alisema Bibi. "Haya, anzeni na mstari wa mwisho."