Baba wa Catherine

Kila asubuhi, kabla ya kukamua, Nkuba aliwakagua ng'ombe wake miguu. Aliinama zizini, akapapasa kwato, kisha magoti. Baada ya hapo ndipo aliposema nani atakwenda shambani na nani atabaki.

"Maksai anayechechemea hafungwi nira," alizoea kusema. "Ukimlazimisha leo, kesho utamchinja."

Majirani zake katika mbuga ya Usangu waliijua kanuni hiyo. Mwaka mmoja alikubali kuchelewa kulima kuliko kumtoa maksai mwenye kidonda cha kwato. Mpunga wake ulichelewa, lakini maksai yule alipona. Nkuba alijivunia jambo hilo miaka mingi.

Nkuba na mkewe walikuwa Wasukuma waliohamia Usangu wakiwa vijana. Walikuwa na binti mmoja aliyefika chuoni. Nkuba alimpa jina la mama yake mzazi, Minza. Kwa sababu hiyo hakumwita "binti" wala "mwanangu." Alimwita "mayu," yaani mama.

Minza alisoma katika chuo kimoja cha mifugo, Iringa. Alikuwa mrefu, mwepesi, na mfungaji hodari wa mpira wa pete. Chuo kilimsamehe ada ili aichezee timu. Picha yake akiwa ameshika kombe ilining'inia sebuleni, juu ya redio. Nyingine Nkuba aliibeba katika mfuko wa shati. Aliitoa kila alipopeleka mpunga kukoboa.

"Bwana Nkuba," jirani yake Kashindye alimuuliza siku moja pale mashineni, "huyu binti anasomea mifugo au anasomea mpira?"

"Vyote viwili. Wewe unasumbuliwa na wivu tu."

"Haya. Ng'ombe wangu akiugua, nitamwita aje amfunge goli."

Watu walicheka. Nkuba naye alicheka, akairudisha picha mfukoni. Lakini aliporudi nyumbani hakumpigia Minza simu kuuliza habari za mitihani. Alimuuliza mechi ijayo ni lini.

"Wiki mbili zijazo, baba. Mbeya," Minza alijibu. Kisha akaongeza, "Baba, goti langu la kulia linavimba."

"Lipake dawa, mayu. Utapona."

Siku chache baadaye simu ililia. Alikuwa Mwalimu Jailos, mwalimu wa michezo wa chuo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Timu yetu inaendeleaje?"

"Timu ni nzuri, ila kuna jambo dogo. Minza ameanguka katika masomo mawili. Sheria ya mashindano inasema aliyeshindwa masomo asisafiri na timu, abaki asome."

"Kwa hiyo hachezi?"

"Atacheza. Nimemwandika kwa jina la mwenzake, Catherine. Kitambulisho tumeazima, na kadi ya bima pia. Waandalizi wa mashindano nimewapa namba yako, wanaweza kukupigia kuhakikisha. Wakikuuliza, sema wewe ni baba wa Catherine. Ni maneno tu, mzee."

"Na hayo masomo mawili?"

"Tutayapanga baada ya kombe."

"Na goti? Aliniambia linavimba."

"Tunampa vidonge vya maumivu kabla ya mechi. Akivimeza anaruka kama swala!"

Nkuba alitazama picha iliyokuwa juu ya redio. Aliwaza namna watu wa mashineni watakavyosema ikiwa Minza hatacheza. Akasema, "Sawa, mwalimu."

Waandalizi walipiga simu siku ya pili. Sauti ilikuwa ya mwanamke mpole.

"Mzee, wewe ni mzazi wa Catherine?"

Mkewe Nkuba alikuwa mbele yake, akipepeta mchele kwa ungo. Nkuba alimgeuzia mgongo.

"Ndiyo," alisema. "Mimi ni baba wa Catherine."

Ungo ulinyamaza. Nkuba alipogeuka, mkewe alikuwa akimtazama.

"Umesema wewe ni baba wa nani?"

"Ni mambo ya mpira, Mama Minza. Huwezi kuyaelewa."

"Nielewe nini? Kijiji kizima kinaniita Mama Minza. Kuanzia leo niitwe nani? Na yule mama yako aliyelala kaburini, umemwambia kwamba jina lake umelifuta kwa ajili ya kikombe cha bati?"

Nkuba alitoka nje akaenda zizini, ingawa hapakuwa na kazi zizini saa ile.

Mechi ya nusu fainali ilichezwa Mbeya siku ya Ijumaa. Minza aliruka kudaka mpira, akatua kwa mguu wa kulia, na goti likapinda kwa ndani. Hakusimama tena. Kesho yake asubuhi Nkuba alifika hospitalini.

Mwalimu Jailos alimpokea ukumbini, akiwa amevaa suti ya michezo na filimbi shingoni. Alimvuta pembeni.

"Pole, mzee. Tulishinda, tumeingia fainali. Sasa kumbuka, hapa ametibiwa kwa kadi ya Catherine. Usije ukateleza. Jina likijulikana, kombe limekwenda, na binti yako anaweza kufukuzwa chuo."

"Yeye anaendeleaje?"

Mwalimu Jailos alitazama saa yake. "Madaktari wapo. Mimi timu inaningoja uwanjani."

Akaondoka upesi. Nkuba alibaki amesimama, kofia mkononi. Mtu aliyesema Minza anaruka kama swala hakubaki hospitalini hata kwa muda wa kunywa chai.

Minza alikuwa amelala akiutazama ukuta. Kando ya kitanda alisimama mwanamke mwenye mtandio mweupe, kadi ya bima mkononi.

"Shikamoo, baba. Naitwa Zuena. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo hapa hospitalini. Wewe ni mzazi wake?"

"Marahaba. Ndiyo."

"Kadi hii inasema Catherine. Lakini picha hii na msichana huyu hawafanani hata kidogo. Nimemuuliza, hanijibu. Tangu aletwe ameugeukia ukuta. Ninataka nilipime goti lake." Zuena akarudi nyuma hatua moja. "Mwite wewe, baba. Mwite kwa jina lake ageuke."

Nkuba alifungua kinywa. Jina la Catherine lilikuwa tayari ulimini, kama alivyolisema kwenye simu. Halikutoka. Kulisema kwa mgeni aliye mbali kulikuwa rahisi. Kumwita nalo mwanawe, aliyelala kwa maumivu mbele ya macho yake, kulimshinda. Na kulisema jina la kweli kulikuwa kumwondoa mwanawe chuoni kwa kinywa chake mwenyewe.

Aliinama ili kupata muda. Mkono wake, bila kutumwa, ukaenda kwenye goti. Lilikuwa limevimba kama boga. Vidole vyake vilizunguka taratibu, kama vilivyozunguka magoti ya ng'ombe kwa miaka thelathini. Juu kulikuwa na uvimbe laini wa jana. Chini yake kulikuwa na uvimbe mwingine, mgumu, wa siku nyingi.

Nkuba aliondoa mkono kama aliyegusa kaa la moto.

"Uvimbe huu si wa jana," alisema.

"Si wa jana," Zuena aliitikia. "Goti hili limelia kwa wiki kadhaa, na watu walikuwa wakilisikia."

"Mayu," Nkuba aliita. Kisha akaita kwa jina lake. "Minza."

Msichana aligeuka. Uso wake ulikuwa umelowa machozi.

"Anaitwa Minza," Nkuba alimwambia Zuena, macho yake yakitazama sakafu. "Ni jina la mama yangu. Kadi si yake. Nilipigiwa simu nikadanganya, na jana mmedanganywa ninyi. Niandikie mimi gharama ya matibabu. Nitauza fahali."

Zuena aliiweka kadi mezani. "Umechelewa kusema, baba, lakini umesema. Unajua hatari yake? Vipimo vya Minza vimeanza kuandikwa katika jalada la Catherine. Siku Catherine akiugua, daktari atasoma habari za mwili ambao si wake. Mnaweza kuwaumiza wasichana wawili kwa mechi moja."

Nkuba alijifuta uso kwa kofia. "Mimi simfungi nira maksai anayechechemea. Watu wote wanajua. Sijui nilipatwa na nini."

"Ninajua kanuni yako, baba," Minza alisema polepole. "Nilipokwambia goti linavimba, nilidhani utanizuia. Nilikuwa nikingoja unizuie."

Hapo Nkuba alikaa chini. Alikwisha kutukanwa mara nyingi maishani, lakini hakuna tusi lililompata kama maneno hayo mapole.

Zuena alilipima goti. Kisha akavuta kiti.

"Kano ya goti imechanika kidogo. Haikukatika, hivyo ninaamini itapona bila upasuaji. Lakini itahitaji mazoezi ya miezi tisa, na kila siku. Sikiliza, Minza. Maumivu ni mlinzi wa mwili. Kidonge cha maumivu hakitibu goti. Kinamfunga mlinzi kinywa, nawe unaendelea kuruka juu ya jeraha. Goti likivimba, acha kucheza siku hiyo hiyo. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Inua mguu. Halafu nenda hospitali, urudi uwanjani kwa ruhusa ya mtaalamu, si kwa ruhusa ya kocha anayetaka kombe."

"Kwa hiyo michezo ni mibaya?" Nkuba aliuliza.

Zuena akacheka. "Ningesemaje hivyo? Mimi mwenyewe nilicheza mpira wa pete chuoni. Mchezo ulinipa afya, nidhamu na marafiki. Lakini mwalimu wetu wa michezo alikuwa mkali ajabu. Alisimama langoni mwa uwanja, akakagua madaftari yetu kwanza. Asiyeingia darasani hakupewa mpira, hata kama ni mfungaji bora. Tulimlaumu sana. Leo ninaishi kwa kazi niliyosomea, si kwa magoli niliyofunga."

Akamgeukia Nkuba. "Mzazi akisikia ada imesamehewa kwa sababu ya mchezo, asishangilie tu. Aulize. Mtoto akikosa vipindi kwa ajili ya safari, nani atamfundisha? Akiumia, nani atamtibu, na nafasi yake chuoni itabaki? Na majibu yaandikwe. Maana kiwanja kinamhitaji kijana miaka miwili au mitatu. Yeye anauhitaji mwili wake na elimu yake maisha yote."

Jumatatu iliyofuata, Nkuba alikwenda Iringa. Aliketi mbele ya mkuu wa chuo, akaeleza yote bila kupunguza, pamoja na uongo wake kwenye simu. Hakuomba asamehewe. Aliomba jambo moja tu: Minza aruhusiwe kurudia masomo.

Uamuzi ulikuwa mchungu. Kombe, ambalo timu ilikwisha kulitwaa, lilirudishwa kwa waandalizi. Mwalimu Jailos aliondolewa katika michezo. Catherine alipewa onyo. Minza alikwenda kwa magongo hadi bwenini kwa Catherine, akamwomba radhi. Minza mwenyewe alifungiwa michezo mwaka mzima na msamaha wa ada ukaondolewa, lakini nafasi yake ya masomo ilibaki.

Habari zilifika kijijini kabla ya Nkuba. Alipokwenda mashineni, Kashindye alikuwepo. Nkuba alingoja mzaha. Mzaha haukuja. Watu walitazama pembeni, na hilo lilimuumiza kuliko kicheko.

"Semeni," Nkuba aliwaambia. "Nimemuuza mwanangu kwa sifa. Ninyi mnanijua kwa kukagua miguu ya ng'ombe. Mguu wa mwanangu sikuukagua."

Kashindye alikohoa. "Keti, bwana Nkuba," alisema. "Ni wangapi kati yetu wangekataa simu ile?"

Katika mkutano wa wazazi chuoni, Nkuba alisimama. Alieleza aibu yake mbele ya watu asiowajua, kisha akasimulia habari ya mwalimu aliyekagua madaftari langoni. Wazazi wengine walimuunga mkono. Chuo kiliweka utaratibu mpya: mahudhurio ya darasani kukaguliwa kabla ya mazoezi, vipindi vilivyokosekana kwa safari kufidiwa, na mchezaji aliyeumia kutorudi uwanjani bila barua ya hospitali. Minza alifanya mazoezi ya Zuena kila siku, akafaulu masomo yote mawili.

Mwaka uliofuata, baada ya adhabu kwisha, timu ilicheza nyumbani Iringa. Nkuba na mkewe walifika mapema. Mlangoni mwa uwanja aliketi mwanamke mwenye daftari la wageni.

"Karibuni. Ninyi ni wazazi wa mchezaji gani?"

"Minza Nkuba," alijibu Nkuba.

Mwanamke alipitisha kidole katika orodha. "Ah, Minza. Ana mtihani wa vitendo, wanachanja ng'ombe. Mwalimu mpya wa michezo amemwacha huko. Leo hachezi kabisa, mzee. Pengine mngependa kuja siku nyingine?"

Nkuba alimtazama mkewe. Kisha akaliinamia daftari.

"Hapana. Tutamngoja," alisema. "Andika hivyo hivyo. Hachezi, na mimi ni baba yake."