Alama Saba za Dole Gumba

Kila asubuhi kabla ya shule, Filsan wa Gredi ya Sita alipita kisimani. Kisima hicho, nje kidogo ya Balambala, kilisimamiwa na kikundi cha akina mama. Wiki hiyo alikuta mitungi mikavu. Injini ya kuvuta maji ilikuwa imekufa, mbuzi walianguka mmoja mmoja, na mdogo wake, Siham, aliharisha kwa maji ya dimbwi.

Ofisi ya maji ilikuwa na injini mpya. Lakini ofisi nayo ina mambo yake: ilitaka fomu yenye alama za dole gumba za wanachama wote ishirini kabla ya Ijumaa. Saba walikuwa wamehama na ngamia, mahali pasipo hata mtandao wa simu. Mama yake Filsan, Fosia, mwenyekiti wa kikundi, aliishika fomu akalia.

"Karatasi hii haijui kuwa sisi ni wafugaji," alisema.

Filsan ndiye aliyewajazia akina mama fomu zao. Mama alipotoka, Filsan alichukua wino akabonyeza dole lake mwenyewe mara saba, kwenye nafasi za waliohama.

Alhamisi alikuja Bwana Dekow, afisa wa maji. Aliipitia fomu, alama moja moja.

"Watu saba, dole moja lenye kovu," alisema. "Siwezi kutoa injini kwa wanachama hewa."

Akafunga faili, akaelekea kwenye gari. Maji ya kijiji kizima yalikuwa yakiondoka, na aliyeyafukuza ni yeye, Filsan. Akinyamaza, lawama itamwangukia mama. Alikimbia, akanyoosha dole lake.

"Adeer," alimwita, kama amwitavyo ami yake, "ni mimi. Hooyo hajui; mama alikuwa ametoka. Lakini watu hao wapo. Njoo uone."

Kwenye ua wa miiba uliozunguka kisima ilining'inia mitungi saba mitupu, kila mmoja na kitambaa cha mwenyewe. Anayehama huacha mtungi wake, na ndugu yake humfanyia zamu ya kisimani hadi arudi. Dekow aliuliza nani anamfanyia nani zamu. Akina mama walijibu bila kusita.

"Fomu haina nafasi ya haya," alisema, akitoa fomu mpya. "Nitayaandika pembeni, niwaeleze wakubwa wangu."

Siku nne zilipita, ndefu na za kiu. Jumatatu injini ikafika.

Fosia alimpa Siham kikombe cha kwanza, kisha akamgeukia Filsan.

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Ofisi isiyotujua tuieleze. Tukiidanganya, haitatujua kamwe."

Filsan alitazama dole lake. Wino ulikuwa bado haujatoka.