Basi, Treni na Kivuko

Fundi cherehani na mumewe mpaka rangi hawakuwa na gari. Dada wa fundi aliishi ng'ambo ya ziwa, upande wa pili wa nchi. Nchi yenyewe ni ndogo: ukipiga chafya huku, kule wanakuitikia "afya!" Hata hivyo, miaka sita ilipita bila ndugu hao kuonana.

Siku moja simu ikalia. Dada amejifungua mapacha!

Jumapili wakapanda basi la saa mbili asubuhi. Walipofika stesheni, treni ilikuwa imeondoka dakika kumi kabla. Nyingine ni kesho. Wakarudi nyumbani.

Jirani yao alikuwa mkata tiketi wa treni. Watu walimtania kwa kumwita Mama Ratiba.

"Jirani, mbona mmerudi?" aliuliza.

"Treni imetuacha."

"Pole. Mlihesabu kutoka mwanzo wa safari. Hesabuni kutoka mwisho."

"Kama ninavyofumua mshono?"

"Hasa! Kivuko cha mwisho kinaondoka saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Basi, treni ya saa tatu itawafikisha ziwani saa saba. Mnakiwahi. Sasa, basi lipi linaiwahi treni hiyo?"

Fundi alifikiri. "La saa moja!"

"Umeona? Na kila mnapobadilisha chombo, acheni angalau nusu saa. Basi likichelewa, hamtahangaika."

"Twende Jumapili ijayo?" mume aliuliza.

"Jumapili magari ni machache. Nendeni Jumamosi. Ijumaa pigeni simu stesheni, maana ratiba hubadilika. Tena ulizeni na ya kurudi. Kwenda si kufika tu, shemeji, ni kurudi pia."

Jumamosi wakaondoka. Mume aliganda dirishani kama mtoto. "Mto ule unatoka wapi? Kumbe shamba la chai ni kubwa hivi?" Abiria wenzake walimjibu wakicheka. Kwenye kivuko, fundi alisimama mbele kabisa, akiitazama ng'ambo ikisogea.

Dada alifungua mlango akashika mdomo. "Jamani! Mmekuja na gari la nani?"

"La watu wote," mume alisema. "Na kesho linatuchukua saa nne, kwa hiyo tupe watoto upesi!"